Kumtafuta Mume Wangu Usingizini

Ndugu za mume wangu walikuja siku ya tatu baada ya mazishi, sisi wanawake hatujakunja hata mikeka ya kilio. Walichukua kabati, redio, cherehani, na picha ya harusi kwa sababu fremu yake ilikuwa nzuri. Mkubwa wao akaniomba mkoba wa karatasi, ati ofisini wanataka vyeti vya marehemu. Mkoba ule niliutoa mwenyewe, kwa mikono miwili, kwa adabu zote, bila kuufungua. Ndani ilikuwemo kadi yake ya chama, yenye ile picha ndogo ya kichwa. Nilikumbuka gari likiwa limeshaondoka. Hawakuurudisha.

Mjinga mimi. Nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu, na kila asubuhi nilifundisha chini ya picha ya kiongozi wa nchi. Alikuwa ukutani, alikuwa kwenye noti, hata kwenye vitenge vya akina mama siku za gwaride. Uso wa mume wangu haukuwa popote. Ilipotimia miezi sita nikagundua kwamba hata kichwani mwangu unanitoka, na nikaogopa kuliko nilivyoogopa siku ya kifo chenyewe.

Mwalimu mwenzangu akaniletea jarida kuukuu la Kifaransa. Lilisema mtu anaweza kuota huku anajua kwamba anaota, na humo ndotoni akafanya apendavyo. Uamke kabla ya alfajiri, ukae kidogo, kisha ulale tena ukijiambia: sasa nitaota, na nitajua. Mimi nilitaka kitu kimoja tu, nimtazame mume wangu usoni hadi nishibe.

Shida ikawa usingizi wenyewe. Kila nilipokaribia kuzama, kitu ndani yangu kilisema, haya, ndio huu unakuja, na macho yakafunguka. Kadiri nilivyoukamata ndivyo ulivyoponyoka. Wiki zikapita hivyo. Nilikosea hesabu ubaoni, watoto wakacheka, nikawafokea bure. Nilikonda. Kuna asubuhi nilimchukia hata yeye, kwa kufa akaondoka na sura yake.

Dada yangu mkubwa, ambaye nilihamia kwake baada ya msiba, akachoka kunitazama.

"Mudogo wangu, unachunga usingizi kama polisi," akasema. "Usingizi iko na haya. Ukiiangalia, inakimbia."

"Sasa nifanye nini, yaya?" nikamuuliza. Kwetu dada mkubwa huitwa yaya.

"Acha kuangalia. Kesho tunaenda shamba. Alors, basi, utachoka muzuri."

Tukaenda shambani kwake, upande wa Masako, tukang'oa mihogo tangu asubuhi. Tuliporudi mchana alinitandikia mkeka barazani, akaketi kando yangu akichambua pondu, majani ya mihogo ile, jani kwa jani, huku akinisimulia ugomvi wa majirani, habari ndefu isiyo na kichwa wala miguu. Alinikataza kujiambia neno lolote. Kazi yangu ilikuwa kumsikiliza. Nikamsikiliza. Sijui ugomvi ule uliishaje.

Nilijikuta katika chumba chetu cha zamani. Nyumba ile ilikuwa imeshapangishwa kwa watu wengine, kwa hiyo nikajua. Naota, nikasema, na sikuamka. Mume wangu alikuwa amesimama dirishani, kanipa mgongo, amevaa abakosti yake ya kijivu, ile suti isiyovaliwa tai. Nilimwita. Akageuka bila shida yoyote.

Miwani ilikuwepo. Ndevu zilikuwepo. Kati ya miwani na ndevu hapakuwa na uso wa mtu. Nilimwamuru asiondoke, naye akatii, nikamsogelea, nikatazama na kutazama. Kwa kuwa akili yangu ilikuwa macho, nilielewa kila kitu. Ndoto ile ilikuwa yangu mimi, hakuna mwingine aliyeitengeneza, na ilikuwa imenipa vyote nilivyobaki navyo.

"Leo umelala mingi," dada akasema nilipofumbua macho. Alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona kwake tangu msiba. "Ulimuona?"

Nikamjibu kwamba nilimwona. Tangu siku ile nalala vizuri, hata kwenye kelele. Hakuna tena ninayemngoja.