Ngarangara ya Mama Masufuria

Mwenye soko alipompangisha Mama Masufuria kibanda cha mwisho, kule nyuma karibu na choo, alijua kabisa kwamba anamuuzia hewa. Mama naye alijua. Alikagua paa, akakubali, akaanza biashara. Kila mteja aliyeshika sufuria, Mama aliigonga kwa mwiko wa chuma ili asikie mwenyewe kama ina ufa. Ngara-ngara-ngara!

Watu wakafuata mlio. Walikuja kucheka, wakashindana kugonga, wakaondoka na masufuria. Haukupita mwezi, vijana wakawa wanasema, "Twende kwenye ngarangara." Neno likafika uwanjani, likaingia harusini. Popote penye kelele na raha, pana ngarangara.

Wauza vitambaa wa mbele wakaja juu. Mwenye soko akaenda nyuma.

"Mama, nyamaza au uhame. Wenzako hawasikilizani na wateja."

"Wateja gani, mzee wangu? Si ndio hawa?"

Mzee akatazama. Vibanda sita vilivyokuwa vitupu tangu soko lifunguliwe vilikuwa na watu wanaoviulizia bei. Akabadilisha sauti.

"Basi gonga. Ila kodi tutaongea."

"Kodi ibaki ilivyo, miaka mitano, kwa maandishi. Ama nahama na mwiko wangu, tuone watakaonifuata."

Mzee alitia saini juu ya mfuniko wa sufuria. Wauza vitambaa wawili walihama wamenuna, vibanda sita vikajaa, na kabla ya mwaka kwisha lango kuu la soko likahamishiwa nyuma, mkabala na kibanda cha Mama.