Pini ya Saa Nane

Siku yangu ya kwanza kiwandani Korogwe, Mzee Semboja alinipeleka kwenye kabati la saa kabla hata sijaonyeshwa choo kiko wapi. Ndani mlikuwa na gurudumu la shaba lenye matundu ukingoni. Ukichomeka pini kwenye tundu la saa fulani, gurudumu likifika hapo king'ora kinalia: kuingia zamu, kusafisha korona, yaani mashine ya kuchakata mkonge, na kutoka. Kesho yake linarudia yale yale bila kuambiwa.

"Hii haichoki, mwanangu," alisema. "Kuchoka ni kwako."

Alipostaafu, mtunza saa nikawa mimi. Shamba lilikuwa limeshataifishwa na Meneja tulimwita Ndugu, ingawa undugu wenyewe ulikuwa wa mdomoni.

Kisha Mzee Semboja akafariki. Maziko yalipangwa saa nane mchana, makaburi ya jirani na kiwanda. Kwetu maiti ikipita hata redio huzimwa, basi nikaenda kuomba nichomoe ile pini ya saa nane, siku moja tu.

"Saa haifiwi," alisema Ndugu Meneja. "King'ora kisipolia, kesho usije kazini."

Akalifunga kabati mwenyewe, ufunguo akatia mfukoni, tukaongozana mazikoni.

Nilisimama pale roho juu. Nilimpenda yule mzee, na kazi nilikuwa naihitaji. Mwili ukateremshwa. Nikachungulia saa ya mkononi ya Meneja: saa nane kamili. Nikausubiri ule mlio. Haukuja. Nilisikia udongo ukidondoka na, ng'ambo ya ukuta, korona ikinguruma, kwa hiyo umeme ulikuwepo. Meneja alipapasa mfuko wake. Ufunguo ulikuwemo.

Tulirudi kiwandani, akafungua kabati. Pini ilikuwa mahali pake na gurudumu lilikuwa limeshaipita. Saa kumi king'ora kililia kama kawaida. Meneja hakunifukuza. Alinikabidhi ufunguo kwa mikono miwili, na hakuuomba tena.

Nimestaafu siku nyingi sasa. Mjukuu wangu huandika programu za kompyuta. Huiagiza kazi ijirudie kila baada ya muda, na namwelewa kuliko anavyodhani. Juzi nilimuuliza, "Na aliyeiandika akifa?"

"Inaendelea tu, babu. Itajuaje?"

Yetu ilijua.