Mtu Aliyejiita Sinahaja

Mimi nina hasira za karibu, na kabla sijasema lolote kuhusu kaka yangu niseme kwanza kwamba bado nimemkasirikia. Watu wakiniona nimenyamaza wanadhani nimesamehe. Sijasamehe. Nimechoka tu.

Kaka yangu ni fundi wa mafriji. Nasema "ni" kwa mazoea, maana karakana yake imefungwa na kufuli limeanza kushika kutu. Wateja walimwita Fundi Baridi, kwa sababu ya kazi na kwa sababu ya sura. Ukimpelekea friji hakuulizi lina nini. Anaweka ncha ya bisibisi kwenye kompresa, ile mota ya friji, mpini anauegemeza sikioni, anafumba macho na kusikiliza, halafu anakwambia, "Njoo kesho." Kesho yake unalikuta linagandisha. Msaidizi hakuwahi kuwa naye. Friji la bucha, lile refu la milango miwili, alilipandisha mkokotenini peke yake kwa kamba na mbao mbili, na ukisogea kumsaidia kusukuma alikuwa analitua chini, anafuta jasho, anasubiri uondoke.

Alikuwa hivyo tangu yule mwenzake waliyefungua naye karakana alipotoweka asubuhi moja na mtungi wa gesi, geji za kuipimia na mashine ya kulehemu, akamwachia ufunguo juu ya meza. Kaka hakumtafuta. Alinunua vyake kimoja kimoja, akabadilisha kitasa, na neno "mwenzangu" likatoweka kinywani mwake kabisa.

Mwaka huohuo ndipo alipoanza kucheza Nchi ya Majivu. Ni mchezo wa mtandaoni: dunia nzima ya misitu, ngome, wachawi, majitu na majoka, na watu wa kila mahali wanatembea humo kwa majina ya kujichagulia. Mimi ndiye niliyemwingiza, apate pa kutolea machungu. Kazi yangu ni kupokea wagonjwa kwa daktari wa meno, na kati ya mgonjwa anayeingia na anayetoka huwa kuna nafasi ya kuua jitu moja au mawili. Nilijiita Shangazi. Nilidhani tutacheza pamoja. Yeye akaingia, akajiita Sinahaja, na kitu cha kwanza alichofanya ni kula Kiapo cha Upweke.

Mwenye kiapo hicho hajiungi na kikosi chochote. Anapewa nguvu maradufu, lakini akiangushwa, iwe njiani au katika Shimo la Mwisho la joka kuu, hafufuki kama sisi wengine. Jina linafutwa, silaha zinafutwa, na miaka yake yote inafutwa. Anapewa dakika moja tu ya kulala pale chini, na ndani ya dakika hiyo mchezaji yeyote anaweza kumwinua. Wengi hula kiapo hicho, wakajipiga kifua wiki moja, wakafa, wakaanza upya. Kaka alidumu nacho miaka tisa. Ukifungua mchezo, kitu cha kwanza kuona ni ubao wa majina, na ubao ulisema hivi: wa kwanza, Sinahaja, wa pili, Shangazi na kikosi chake cha watu tisa. Miaka tisa nimekuwa nyuma ya mtu ninayekula naye kila Jumapili kwa mama!

Mezani kwa mama hatukuutaja mchezo. Kwa kweli mezani kaka hakutaja kitu. Hata chumvi hakuomba. Aliinuka, akazunguka meza nzima, akaichukua mwenyewe mbele ya pua yangu. Lakini mle ndani ya mchezo alikuwa na ulimi.

"Shangazi, bado unatembea na msafara? Hao watu tisa umewaajiri au wamekuonea huruma?"

"Na wewe siku ukikwama kooni mwa joka utamwita nani?"

"Nitalikaba kwa ndani."

Nilicheka mpaka mgonjwa mwenye shavu lililovimba akanikata jicho. Nisifiche: nilimpenda kaka yangu zaidi mle kuliko mezani, kwa sababu mle alikuwa anaongea na mimi.

Halafu mishale yake ikaanza kukosa. Sinahaja alikuwa mpiga upinde, na mpiga upinde wa kutisha. Mwanzoni nilidhani mtandao unamsumbua. Lakini mtandao mbovu hukwama na kuruka ovyo, na hii mishale ilikwenda kulia, kidogo tu, kila mara, kama vile kuna mtu anamgusa kiwiko. Jumapili nikamwangalia vizuri. Kikombe alikishika kwa kushoto. Mkono wa kulia ulikuwa chini ya meza.

"Kaka, mkono una nini?"

"Umekufa ganzi. Nimeulalia."

Kila siku ya kazi yangu nasikiliza watu wenye jino bovu wakiniambia haliumi, kwa hiyo mwongo wa namna hiyo namjua. Kesho yake nikamfuata karakana. Mafriji manne yalikuwa yamepangwa ukutani na vumbi juu. Mezani palikuwa na bomba jembamba la shaba, limeunguzwa mahali patatu, na hapana hata mahali pamoja palipoungana. Hapo sikuhitaji kuuliza. Alinieleza akiwa amenipa mgongo: alikwenda hospitali peke yake, wakamwambia ni mishipa ya fahamu, mkono utazidi kutetemeka, na dawa ni za kuuchelewesha tu. "Haurudi nyuma," akasema. "Na mama asijue."

Fundi wa jirani, mtu mwema, alikuja kumwambia, "Wewe sikiliza, mimi nitalehemu, tugawane kazi." Kaka alimshukuru kwa adabu zote, na jioni hiyo akawapigia simu wenye mafriji waje kuyachukua. Mlango wa karakana akaushusha nusu, akaweka kompyuta juu ya friji bovu la kulala ambalo halikuwa na mwenyewe, akawa anashinda humo akicheza. Katika vyote alivyokuwa navyo, kilichobaki ni jina lile ubaoni. Nililijua hilo kama ninavyojua jina langu: siku Sinahaja atakapofutika, kaka yangu hatakuwa na mahali popote ambapo yeye ni mtu.

Basi nikafanya ujanja. Nikaita kikosi changu, bila kuwaambia mtu huyo ni nani kwangu, nikawaambia kila atakapopita Sinahaja sisi tutangulie, tumfagilie njia. Kinyozi mmoja tuliyekuwa naye, hodari wa shoka lakini mdomo wake hauna kitasa, akaniuliza, "Shangazi, tumsaidie adui?"

"Nimesema."

"Haya, Shangazi akisema amesema."

Miezi mitano tulimfagilia. Tuliua kila kitu kilichokuwa mbele yake, tukamwachia zimwi moja bovubovu asije akashuku. Na kaka akachanua! "Siku hizi wakisikia hatua zangu wanakimbia," akaniandikia. "Mkono umeanza kuzoea." Jumapili moja akanisogezea chumvi, mwenyewe, bila kuombwa. Nilikwenda chooni nikalia kwa furaha. Nilijiona mjanja kuliko daktari.

Aliyebomoa kila kitu ni kinyozi. Kaka alimtania hadharani, mbele ya mamia ya wachezaji, kwamba shoka lake linafaa kunyolea ndevu za mbuzi. Angejua ni kinyozi kweli asingesema hivyo. Yule bwana akapandwa na hasira, akajibu hapohapo: "Mzee, shusha pumzi. Miezi mitano tunakufagilia njia. Bila huruma ya Shangazi ungeshafutwa zamani."

Baada ya dakika chache tangazo likatokea kwa wachezaji wote: Sinahaja anashuka Shimo la Mwisho.

Ilikuwa Jumamosi mchana, daktari ameshaondoka, mimi napanga mafaili. Niliyaacha sakafuni. Nilikimbia mitaa mitatu na simu mkononi, huku nakiandikia kikosi changu kishuke upesi. Nilipoinama kupita chini ya ule mlango wa karakana nilimkuta amekaa juu ya ndoo, mgongo umenyooka. Mkono wa kulia alikuwa ameufunga kwenye kipanya kwa ukanda wa mpira, ule mpira wa kuzunguka mlango wa friji, ameuzungusha mara nne na kupiga fundo kwa meno, ili mkono usikimbie.

"Toka," akasema.

"Kaka, panda juu. Tafadhali."

"Miezi mitano mmenibeba kama maiti. Leo nataka kujua kama nilikuwa nimekufa kweli."

Nilikuwa na mengi ya kumjibu, lakini joka lilikuwa limeshatoka. Na nataka hili liandikwe: alipigana vizuri. Mshale wa kwanza uliingia jicho la kushoto. Wa pili ukaingia palepale. Wa tatu ulipopasua koo nilijikuta nimeshika bega lake na ninapiga kelele, na hakuniondoa. Kisha mkono ukaruka, mpira na yote. Mshale ukaenda ukutani. Joka likageuka, likampiga mkia, na Sinahaja akalala chini. Kwenye skrini ikatokea namba: sitini.

Kaka aliitazama ile namba ikishuka. Halafu akasema, taratibu, bila kunigeukia, "Niinue."

Miaka yangu yote arobaini na tatu sijawahi kusikia neno kama hilo kinywani mwake. Kikosi changu kilikuwa kimeshafika shimoni na mimi pamoja nacho. Kwenye simu yangu Shangazi alisimama juu ya kichwa cha Sinahaja, nikabonyeza. Maandishi yakaja: Mchezaji huyu hapokei msaada. Nikabonyeza tena. Yaleyale. Wote tisa wakabonyeza, na kinyozi, maskini, akawa anaandika kwa herufi kubwa, "SHANGAZI MWAMBIE AKUBALI! MWAMBIE AKUBALI!"

"Kaka, msaada umeufunga wapi?"

Alifikiri. "Siku ya kwanza," akasema. "Waliniuliza kama nitapokea msaada wa wengine. Nikabonyeza hapana."

"Miaka tisa?"

"Hawakuuliza tena."

Arobaini na moja. Nikadaka kipanya, na mkono wake ukiwa umefungwa humohumo. Fundo halikufunguka. Nilitafuta mkasi, nikapata koleo, nikakata mpira na kumchuna ngozi, hakulalamika. Ishirini na sita. Nikafungua mipangilio, nikashuka, nikashuka, nikaliona lile swali na ile hapana yake imekaa palepale alipoiweka. Nikaibonyeza. Mchezo ukadai neno la siri.

"Niambie niandike."

"Nitaandika mwenyewe."

"Kaka, muda!"

"Ni siri," akasema.

Akaandika kwa kidole kimoja cha kushoto. Mkono wa kulia ukaja kusaidia, kwa mazoea, ukamwaga herufi sita mahali pa moja. Neno si sahihi. Akafuta. Akaanza tena. Kumi na moja. Nilimwomba. Nilimtukana, Mungu anisamehe, nilimtukana ndugu yangu niliyezaliwa naye. Alifumba midomo na kuendelea kutafuta herufi. Neno si sahihi. Nne. Tatu. Nikaacha kutazama.

Nilipofumbua macho skrini ilikuwa nyeupe na imeandikwa: Karibu. Chagua jina lako. Simu yangu ikaanza kulia mfululizo. Ubao ulikuwa umebadilika, Shangazi ni wa kwanza, na watu nisiowajua walikuwa wananipongeza.

Kaka alibandua kipande cha mpira kilichobaki mkononi. "Umeona?" akasema.

"Nimeona nini?"

"Nimeomba."

Hapo nikawaka. Nikamwambia watu kumi walikuwa wamenyoosha mikono, kumi, na mmoja wao alimtukana saa ileile na bado akaja. Aliyekataa ni yeye, na alikataa miaka tisa iliyopita, na sasa hivi amekataa tena kwa ajili ya neno moja. Nilipiga kelele mpaka fundi wa jirani akachungulia. Kaka alinisikiliza akiwa amefumba macho, jinsi anavyosikiliza kompresa.

"Ni kweli," akasema. "Lakini nimeomba."

Hajaomba tena. Neno lenyewe la siri silijui hadi leo, na sitaki kulijua. Mchezo nimeuacha, ingawa wanasema jina langu bado liko juu. Jumapili mama, ambaye sasa anajua, humkatia chakula vipande vidogo, na kaka hakigusi mpaka sisi wote tumeinuka mezani. Kurudi hospitali hataki. Fundi wa jirani alikuja mara ya pili, akashukuriwa kwa adabu zilezile.

Juzi nilimpelekea nguo zilizopigwa pasi. Mlango wa chumba chake ulikuwa wazi kidogo, nikamwona amesimama mbele ya kioo akihangaika na kifungo cha shati, kile cha juu. Mkono unapanda, unakosa, unashuka. Sikuingia. Nilisimama kwenye korido na nguo mikononi nikahesabu kimoyomoyo, kama mjinga, kutoka sitini kwenda chini, nikingoja aniite. Nilifika mwisho. Nikagonga kama mgeni, nikasubiri. Alipofungua, shati lilikuwa limefungwa kombo, na mimi nikampa nguo zake.