Sekunde Sita Mzanini Zagayu

Soko la pamba Zagayu lilikuwa linafunguliwa kesho yake, na kaka, mtoto wa baba mkubwa, alitaka jibu langu kabla ya mchana: tutumie programu ya zamani au mpya. Yeye ndiye aliyeandika programu inayochukua uzito kutoka kwenye mzani na kuuingiza kwenye simu. Mimi niliishia darasa la saba. Kazi yangu pale kwake Bariadi ilikuwa kuijaribu, polepole, mzigo kwa mzigo.

Kosa nililiona mimi. Mara mojamoja mzigo uliandikiwa uzito wa mzigo uliotangulia. Tulitafuta wiki nzima katika maandishi yake, hatukupata kitu. Kumbe lilikuwa la kompaila, ile programu inayogeuza maandishi kuwa kitu ambacho simu inaweza kukifuata. Kwa haraka zake iliacha kuuliza mzani upya, ikarudia namba ya zamani.

Kompaila mpya ilirekebisha hilo. Lakini kwenye simu zetu kuukuu, namba iliyokuwa inatokea papo hapo sasa ilichukua sekunde sita.

"Sita si nyingi," nilisema.

"Kwako wewe. Simu ikisita, watu wanasema inatafuta pa kupunguza. Watashusha mizigo waondoke. Ile ya zamani inakosea mara chache tu."

"Hiyo mara chache ni mzigo wa nani?"

Alicheka. "Leo bubu kaongea! Haya, weka mpya. Ila mzanini utasimama mwenyewe."

Nikaiweka.

Asubuhi, sokoni, mama mmoja alipandisha furushi lake mzanini.

"Mwangaluka, mayu," nilimwamkia kwa Kisukuma, kwa sauti ya chini.

Simu ikanyamaza.

"Inawaza nini hiyo?" mama aliuliza.

"Inajifunza kuiba," mwanaume mmoja alisema nyuma yake. Watu walicheka, kisha wakaacha kucheka. Yule mama akashika furushi lake alishushe.

Namba za mzani zilielekea upande wangu. Nikazisoma kwa Kisukuma, kwa nguvu: kilo thelathini na nne na nusu.

"Subiri, mayu. Tuone kama simu itasema hivyohivyo."

Ikaandika hivyohivyo. Nikamgeuzia aone. Akaachia furushi.

"Paza sauti, kijana!" yule mwanaume alisema, huku akivuta mzigo wake mbele. "Huku nyuma hatusikii!"

Nikapaza, kila mzigo, siku nzima.

Jioni kaka aliniletea maji. Akauliza kama turudishe ile ya zamani. Sauti ilikuwa imenikauka. Nikatikisa kichwa kukataa.