Mkubwa Ndiye Anayesema

Chakula cha msaada kilipopunguzwa katika kambi ya wakimbizi ya Ifo, kazi yangu ilikuwa kuamua nani apunguziwe zaidi. Haikuitwa hivyo, bila shaka. Iliitwa tathmini ya kaya. Tuliingia nyumba moja baada ya nyingine na tableti mkononi, tukajaza tulichokiona, na mashine ikaipanga familia kundi la kwanza, la pili au la tatu. Kundi la kwanza waliendelea kula kama zamani. Kundi la tatu waliambiwa wajitegemee, mahali ambapo hata mbuzi hujitegemea kwa shida.

Nilikuwa nimetoka kufunzwa uongozi, siku mbili katika hoteli moja ya Garissa. Nilirudi kambini kichwa kimevimba. Wa kuongozwa alikuwa mmoja tu: msaidizi wangu, mkimbizi aliyefika Ifo akiwa mtoto na akazeekea hapo. Alinizidi umri, aliwahi kufundisha madrasa, na hakukuwa na nyumba asiyoijua. Nilimwita adeer, yaani ami kwa Kisomali, kwa heshima. Yeye aliniita mkubwa, na mimi nikapenda kuitwa hivyo.

Wiki ya kwanza alinisahihisha mbele ya familia moja kuhusu idadi ya watoto. Nilikasirika. Tulipotoka nikamweka kando: "Adeer, mbele ya watu mkubwa ndiye anayesema. Wewe tafsiri tu."

Akaweka mkono kifuani. "Haya, mkubwa. Mimi nafuata."

Na kweli alifuata. Ofisini nikamsifu kwa hilo. Wahenga walisema fuata nyuki ule asali. Aliyenifuata mimi alikula vumbi.

Ndipo tukafika kwa bibi mmoja ambaye bloku nzima ilimwita ayeyo, yaani nyanya. Aliishi na mjukuu wake wa miaka sita hivi, msichana mwenye miguu dhaifu. Kila wiki alimbeba mgongoni hadi zahanati kunyooshwa miguu, na siku zile mtoto alikuwa ameanza kusimama mwenyewe, akishikilia nguzo ya nyumba. Ayeyo hakutaka kingine duniani ila kubaki Ifo mpaka yule mtoto atembee. Aliniambia hivyo kabla sijaketi.

Kwa adabu, tulikuwa tumemtuma kiongozi wa bloku siku moja kabla kumpasha habari kwamba tutakuja. Kwa hiyo ayeyo alitungoja. Chini ya turubai kulikuwa na mkeka mpya wenye picha ya tausi, chupa kubwa ya chai, vikombe sita vyenye maua na sahani ya tende. Chai ilikuwa na maziwa na sukari ya kutosha. Nilikunywa viwili. Kisha nikajaza: mkeka upo, vyombo vipo, sukari ipo, maziwa yapo. Adeer alikuwa anatazama vidole vyake. Nikabonyeza tuma. Kundi la tatu.

Siku nne baadaye tuliingia nyumba ya jirani, nikamkuta tausi yuleyule amelala chini. Na vikombe ni vilevile, kimoja kimemeguka mdomo. Nikamvuta adeer nje.

"Vitu vya ayeyo vilikuwa vya nani?"

"Mkeka ya huyu. Fikombe ya huyu. Maziwa ya nyumba ya bili. Sukari alikoba duka," akasema, p ikimgeukia b kama kwa Wasomali wengi.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia?"

Akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi aliyemchosha. "Niseme mbele yake, mwanamke mzee, nyumba yake, kwamba hana kikombe? Na wewe ulisema mkubwa anasema. Wewe ulisema, mkubwa. Mimi nikafuata."

Sikuwa na pa kuficha uso, kwa sababu hata mimi nilijua. Mimi ni mtoto wa Galbet, mtaa wa Garissa. Wazazi wangu walikuwa watu wa bara, lakini mama alijifunza adabu za majirani zake Wasomali, na mgeni akibisha hodi mbele, mimi nilitumwa mlango wa nyuma kuazima vikombe. Mgeni haonyeshwi njaa ya mwenyeji. Nilijua hayo kabla sijajua kusoma, na tableti ikanisahaulisha.

Nilimpigia bosi wangu Garissa siku hiyohiyo. Akasikiliza, akavuta pumzi, akasema orodha imeshafungwa. Akimfungulia mmoja atafungulia kambi nzima. Ayeyo apeleke malalamiko dawatini, asubiri zamu yake. Nikasema, "Sawa, bosi." Kumkatalia aliye juu yangu sikufundishwa pale hotelini, au nilifundishwa nikasinzia.

Jioni ile nilimwambia adeer: "Kuanzia leo, nikikosea niambie. Popote. Mbele ya yeyote."

"Insha'Allah," akasema.

Tulimsindikiza ayeyo dawatini. Alipewa karatasi yenye nambari. Mwezi wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Nilimpelekea unga mara mbili, kwa kujificha kama mwizi, maana kanuni zilikataza. Alinishukuru kwa dua ndefu na hakunilaumu hata kwa jicho. Afadhali angenitukana.

Mwezi wa tatu tulikuta turubai la ayeyo limeshushwa, zimebaki nguzo tu. Majirani wawili na kiongozi wa bloku walitueleza: alipanda lori la wafanyabiashara wa mbuzi kuelekea Liboi, na kutoka huko avuke mpaka kuingia Somalia, mtoto akiwa mgongoni. Nilipouliza kama kule anakoenda kuna wa kumnyoosha mtoto miguu, kiongozi wa bloku aliionyesha tableti kwa kidole.

Ilibidi faili la ayeyo lifungwe, na faili halifungwi bila sababu. Tableti ilikuwa na tatu tu: amefariki, amehamia kambi nyingine, amerudi kwao kwa hiari. Adeer ndiye aliyeishika. Kidole chake kikasimama hewani.

"Mkubwa," akasema kwa sauti, mbele ya wote, "ulisema niseme. Leo nasema. Huyu mama hakuenda kwa hiari. Njaa ndio imefukuza."

Wote wakanigeukia.

"Najua," nikasema. "Bonyeza hiari."

Akabonyeza.