Mama Mkwe na Kompyuta ya Ofisi

Mwaka 1992 niliazimwa kompyuta ya kubebeka ya ofisi niandikie ripoti nyumbani, mtaa wa Muhima. Nilitamba nayo mtaani utadhani nimeizaa mimi. Mke wangu alikuwa karibu kujifungua mtoto wetu wa kwanza, na mama yake alikuwa amekuja kumwangalia. Mama mkwe hakujua kukaa bure. Niliporudi kutoka dukani nikakuta ameisugua kompyuta kwa majivu na kipande cha gunia kilicholowa maji, kama anavyosugua sufuria.

"Mkwe wangu, hii kitu ilikuwa chafu! Sasa iko safi."

Mfuniko wa plastiki ulikuwa mikwaruzo mitupu. Nilisema asante, lakini uso wangu ulinisaliti.

Asubuhi nikaona mzigo wake umefungwa, uko mlangoni. Kwetu mama mkwe aliyeharibu kitu cha mkwe wake hangoji kuambiwa, anaondoka kimyakimya. Nami kumwambia "si kitu" kungekuwa kumtamkia kosa lake machoni. Mke wangu alinitazama kwa hofu. Hakutaka kuzaa bila mama yake.

Basi nikajifungia bafuni na kompyuta, dawa ya meno nyeupe na nepi mpya ya mtoto, ile laini ya flaneli. Tone la maji, dawa kidogo, nasugua kwa kuzungusha mkono, nafuta, natazama kwenye mwanga wa dirisha. Narudia. Wasomi wengine walikuwa wanapigania nchi. Mimi nilikuwa napigania mfuniko.

"Tumbo?" mama mkwe aliuliza mlangoni.

"Ndiyo, mama."

Akanichemshia umuravumba, majani machungu kuliko madeni. Nikanywa kikombe kizima, nikarudi kusugua.

Hatimaye nikaiweka mezani. Mikwaruzo ilikuwa imekwisha, plastiki inang'aa. Mama mkwe akaizunguka, akaipapasa, akacheka kwa mara ya kwanza tangu jana.

"Mwaona? Ilitaka kukauka tu. Lete, nimalizie na huku ndani kwenye vidude vya kubonyeza."

Nikaikumbatia kifuani. Mke wangu akacheka, akacheka mpaka akashika meza, kisha kicheko kikakatika. Uchungu ulikuwa umeanza. Mama mkwe alikwisha kufungua mzigo wake na kuchomoa kitenge, akajifunga kiunoni, akamshika bintiye mgongoni.

"Mkwe, teksi!"

Nikakimbia na kompyuta kwapani, na sijawahi kumpenda yule mama kama siku ile.