Niliuza friji kwa mnada wa mtandaoni, mnunuzi akafika kwangu bila kuuliza njia

Wakuu, habari za mchana. Nimeona wengi humu wanalalamikia minada ya kwenye magrupu, nikasema na mimi nitoe la kwangu. Sina haja ya kutia chumvi, lilivyotokea linatosha.

Ilikuwa miaka ile simu janja zimeanza kusambaa hapa Dodoma, kabla wizara hazijahamia kwa kishindo.

Mimi naishi Ipagala. Mama yangu yuko Mlali, peke yake, na maji alikuwa anayafuata mbali kwa ndoo. Nikaamua kuuza friji langu nimnunulie tangi na gata za kukingia maji ya bati, mvua za kwanza zimkute tayari. Mawingu yalishaanza kujikusanya.

Nikatupia picha kwenye grupu la mnada. Utaratibu wake ni kwamba kila mtu anataja bei chini ya picha, na wa juu mwisho wa siku ndiye anachukua.

Tukaanza vizuri. Kuna mama mmoja wa Msalato, muuza barafu, alikuwa anapanda kidogo kidogo kwa adabu. Ghafla akaingia jamaa, tumwite Mkubwa, akataja bei inayokaribia ya dukani. Wote kimya! Na mimi tamaa ikanishika, nikawaambia wengine asanteni, limepata mwenyewe.

Mkubwa akaja inbox, akaomba nimwelekeze nyumbani. Mitaa yetu mnaijua, namba za nyumba hakuna. Nikaandika kila kitu: kwa fundi baiskeli kata kushoto, pita ule mwarobaini uliokatwa, geti la bluu, mbwa akibweka muite Jeshi, atatulia.

Akasema kesho. Kesho ikawa kesho kutwa. Simu akawa hapokei, na mama huku anauliza tangi limefika wapi.

Ndipo akanipigia mwingine, yule aliyetaja bei ya chini kuliko wote mwanzoni.

"Dada, lile friji bado lipo? Mimi nina cash, ila bei yangu ni ile ile."

Iliniuma, lakini nikamwambia njoo, ukifika kituoni nipigie nikuelekeze.

Hakupiga. Nilikuwa nafua uani, nikasikia mbwa anabweka na mtu nje ya geti anasema, "Jeshi! Jeshi, tulia!"

Wakuu, mikono ilibaki kwenye povu. Kwangu hata ndugu wa damu hupotea.

Nikafungua. "Kaka, nani kakuelekeza?"

"Si wewe dada?"

"Mimi nilimwelekeza Mkubwa."

Akaanza kujichekesha. "Dada, tusifike huko. Biashara ni ujanja. Wewe unauza, mimi hela ninayo, shida iko wapi?"

Kumbe ni mtu mmoja, akaunti mbili. Moja inafukuza watu kwa bei kubwa, nyingine inakuja kuokota. Na hela kweli alikuwa nayo, nikaitamani. Halafu nikamfungia geti.

Nikampigia yule mama wa Msalato.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Limebaki?"

Alikuja siku hiyo hiyo, akalipa bei yake ya mwisho bila kupunguza. Sikutegemea, Mungu ambariki. Admin naye akazitoa akaunti zote mbili.

Lakini mvua haikutusubiri. Ilinyesha Mlali kabla tangi halijafika. Mama akanipigia anacheka: "Mwanangu, nimekinga maji mpaka kwa bakuli la mboga, mengine yamekwenda zake!" Alicheka yeye, mimi nililia.

Na mvua zetu za huku mnazijua, ya kwanza ikipita jua linarudi kuwaka wiki kwa wiki. Tangi likafika jua limesharudi.

Nilichojifunza: mtu akipandisha bei ghafla, usiwaage wengine mpaka hela iwe mkononi. Waambie wasubiri.

Mwenye mbinu ya kuwabaini hawa mapema aiweke hapa chini, tusaidiane. Mimi ningekuwa nayo wakati ule, mama asingepita wiki zile zote na ndoo kichwani kando ya tangi jipya, tupu.